Ada Waliyonirudishia

Sekela mwanangu,

Umeenda kusuka, na kwa jinsi msusi wako anavyopenda maneno hutoki pale kabla ya saa kumi na moja. Nina mchana mzima wa kukuandikia bila wewe kuchungulia begani na kunisahihisha herufi. Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya gari nimeshayasema mpaka umeanza kuniigiza mbele ya wenzako. Nilikusikia. Unaniigiza vizuri, ila mimi siweki mkono kiunoni kiasi kile. Hayo tuyaache.

Kuna jambo jingine, na limenishinda mdomoni kwa wiki tatu. Kesho asubuhi unapanda gari la Itumba. Kwenye begi lako la bluu, chini ya kanga, kuna bahasha ya pesa na fomu ya kulichukua duka la mikate la mama mdogo wako Anyesi. Pesa nilikupa mimi, baada ya kuuza kipande changu cha shamba la kahawa kule Mbozi. Jumatano, ukiwa unapiga pasi, uliniuliza swali moja tu: "Mama, hii ada ya mwanzo, nikishindwa na biashara wananirudishia?" Nikakujibu kwamba watakueleza hukohuko.

Nilikudanganya. Jibu ninalo. Kati ya watu wote waliowahi kulipa ada ile, mimi ndiye pekee ninayemjua aliyerudishiwa yote, mpaka shilingi ya mwisho. Leo nakueleza ilivyorudi.

Ulikuwa na miaka sita na tulikuwa tunaishi Itumba, kwa kina baba yako. Yeye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mafao yake yalikuwa yamelala benki huku kila shangazi akiyapangia matumizi. Ndipo wakaja watu wa kampuni ya mikate kutoka Mbeya, wanaume wawili waliovaa vizuri. Biashara yao ilikuwa hivi: unalipa ada ya mwanzo, wao wanakukodisha jina lao, wanakupa bango, tanuri na namna ya kukanda, na unauza mikate kama wao. Jina lenyewe lilikuwa Mikate ya Bibi.

Hawakuanza kwa kusema wamefuata pesa. Walikaa, wakauliza habari za mazao, za mvua, za marehemu, wakanywa chai yangu hadi birika likaisha. Walizungumza kwa staha, na mimi, mtoto wa Mbozi niliyeposwa kwa utaratibu, nikaona ninawajua watu hawa. Nikajiambia ada ile ni kama kishika uchumba. Unatoa kitu kidogo kuonyesha nia, mambo yakiharibika wazee wanakaa, mnarudishiana, kila mtu anakwenda kwake. Na nani mwenye adabu anauliza siku ya kishika uchumba atakavyorudishiwa? Sikuuliza. Nilisaini kurasa nne bila kusoma hata moja, na nilijiona mtu mstaarabu sana.

Bango ulikuwa unaliogopa, sijui kama unakumbuka. Lilikuwa na picha ya mwanamke mzee aliyefunga kitambaa cheupe, anatabasamu bila kufungua midomo. Tulilitundika juu ya mlango kuelekea barabarani. Unaijua ile baridi ya Ileje ya mwezi wa sita, ukungu unashuka mpaka huoni nyumba ya jirani. Wateja walikuwa wanatokea ndani ya ukungu mmoja mmoja, na kitu cha kwanza wanachoangalia ni lile bango, halafu mimi.

Kulikuwa na masharti. Duka lisifungwe hata siku moja, ukisafiri uache mtu wa kuuza. Bango lisishushwe. Simu ya kampuni ikilia, ujibu, "Hapa kwa Bibi." Ilikuwa inalia kila asubuhi, unga ukiwa umeumuka na sijaingiza mkate tanurini. Sauti ya mwanamke, tulivu, ikiuliza neno moja tu: "Umelala salama, Bibi?" Najibu salama, inakatika. Nilidhani ni utaratibu wa ofisi.

Biashara ilikwenda, sitaki kuidhulumu. Mikate iliisha kila siku kabla ya adhuhuri. Watu wakaanza kuniita Bibi, na mwanzoni nilicheka nao. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, kidomodomo kama unavyonijua, nikawa nawaambia, "Bibi ni mama yako, mimi bado naolewa!" Mwezi wa tatu wa biashara nilichoka kuwarudishia. Mwezi wa tano nilikuwa naitika. Wanawake tuliokuwa rika moja wakawa wananipokea ndoo njiani. Kanisani, Jumapili moja, nilijikuta nimekaa benchi la kina mama wazee, na hakuna aliyenipeleka wala aliyeshangaa. Magoti yakaanza kuniuma. Nilipojiangalia kwenye kioo sikuona mvi hata moja, Sekela, nilikuwa mimi yuleyule. Ila watu walipoacha kuniangalia usoni na kuanza kuniangalia juu kidogo, sehemu bango linapokaa, niliogopa.

Nilivumilia yote kwa sababu yako, nikijiambia ada ya shule inapatikana. Mpaka asubuhi ile. Ulitoka chumbani na kikombe chako cha uji, ukasimama mlangoni mwa duka, ukaniangalia nikikanda. Ukauliza, "Bibi, mama atarudi lini?"

Nikakwambia, "Wewe Sekela, mimi ndiye mama."

Uliniangalia usoni, ukatoka nje ukalitazama bango, ukarudi. Halafu ukainamisha kichwa ukaniambia, "Shikamoo," kwa adabu ya mtoto aliyefundishwa namna ya kukaa na wageni. Ulikuwa hufanyi mzaha. Nilikujua kila mzaha wako.

Siku hiyohiyo simu ilipolia sikusema nimelala salama. Nilisema nataka kuacha, nirudishiwe ada yangu. Sauti ikajibu, bila hasira, "Ada hairudishwi, Bibi." Ndipo nikazitafuta zile kurasa nne. Ilikuwa imeandikwa, ukurasa wa tatu, herufi ndogo: ada ya mwanzo haitarejeshwa kwa sababu yoyote ile.

Nilikwenda kwa wakili mmoja Vwawa, kijana mwembamba, mkweli. Aliisoma mara mbili kisha akaniuliza, "Mama, kuna kitu walikuahidi wakashindwa kukuletea? Tanuri, mafunzo, unga?" Nikasema hapana, vyote vimekuja. "Walikudanganya kuhusu faida?" Nikasema hapana, faida ipo. Akafunga karatasi. "Wangevunja wao, ningekudaia. Wewe ndiye unayeghairi, na umesaini kwamba ukighairi hupati kitu. Hili lilitakiwa tuliongee kabla ya kalamu." Nilitamani kumweleza habari ya uji na shikamoo. Lakini utaiandika wapi hiyo kwenye karatasi ya wakili?

Basi nikafanya ujinga ambao mtu wa mjini asingeufanya. Nilikwenda kwa Mzee Simbeye, rafiki wa babu yako, aliyekuwa mshenga wa ndoa yangu. Nikamwambia uchumba umeharibika, anisindikize Mbeya nikadai kishika uchumba. Hakucheka. Alivaa koti lake, akanunua jembe jipya, maana kwetu neno la ndoa halifunguliwi wala halifungwi bila jembe, akalifunga kwenye kitenge, tukapanda gari.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza moja, na mwanamke mmoja kijana. Alipotukaribisha tu niliijua sauti. Mzee Simbeye alivua kofia, akaliweka jembe mezani, akasema, "Binti yangu, tulikuja kwenu kwa heshima, na kwa heshima tunaondoka. Posa yetu imeshindikana. Tunaomba kile kidogo tulichotanguliza."

Nilitegemea atatufukuza. Mwanamke yule alisogeza mafaili yake pembeni ili jembe lipate nafasi. Akakaa sawa, akaweka mikono mapajani kama walivyokuwa wanakaa kina bibi zangu wakisikiliza posa.

"Mzee," alisema, "umekaa upande usio wako. Nani hapa amepewa jina la mwenzake?"

Mzee Simbeye aliigeuza kofia yake mkononi.

"Nani ameingia kwenye nyumba ya mwenzake, akapika, akapokea wageni wa nyumba hiyo?"

"Ni huyu," Mzee alisema, akinionyesha.

"Basi huyu si mwoaji. Huyu ni mke. Haya niambie, kwenu mke akiondoka inakuwaje?"

"Mahari inarudishwa kwa mume."

"Au?"

Mzee aliliangalia jembe. Alikuwa amesuluhisha ndoa za watu miaka arobaini na hakuwa mtu wa kuficha mila hata ikimuumiza. Akasema kwa sauti ndogo, "Au anaingia mdogo wake."

"Ahsante," mwanamke akasema. Akanigeukia. "Akija mdogo wako na ada yake, ya kwako tunakupa siku hiyohiyo. Una mdogo wako?"

Sekela, nimekaa na sentensi inayofuata miaka kumi na mitatu. Hakuna aliyenishika mkono. Mlango ulikuwa wazi, nje magari yalikuwa yanapita na watu wananunua parachichi. Ningeweza kusema sina. Nilisema, "Anyesi."

Mama mdogo wako alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani pale Vwawa, anadunduliza pesa za kununua cherehani ya pili. Nilimwambia duka linalipa, na kweli lilikuwa linalipa. Nilimwambia mimi nataka kuhamia Tunduma kwa ajili ya biashara ya vitenge, na kweli nilikuwa nataka. Sikumwambia uwongo hata mmoja. Mtu akikupa maneno ya kweli matupu na bado unahisi baridi mgongoni, ujue kuna moja analizunguka.

Alisaini asubuhi ya Ijumaa, akatoa akiba yake yote, nami nikapewa bahasha yangu. Simu ikalia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, lakini Anyesi alikuwa mwepesi. "Hapa kwa Bibi," alisema, akinikonyeza kwa furaha, kama mtoto aliyepewa kofia ya mtu mzima. Nikasikia ile sauti ikimuuliza kama amelala salama.

Ndani ya gari la kuhamia Tunduma ulilala mapajani mwangu. Tulipofika Isongole uliamka, ukajifuta mate, ukasema, "Mama, nina kiu." Nililia mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nalia kwa furaha, mwanangu. Sitaki kukuficha, hili ndilo baya kuliko yote. Nilifurahi, na furaha ile ilidumu. Nyumba hii ya vyumba viwili, mtaji wa vitenge, shule yako mpaka kidato cha nne, vyote vimetoka kwenye bahasha ile. Madereva wa Zambia wanaponiita bamayo pale sokoni, yaani mama kwa Kibemba chao, bado nasikia raha isiyo ya kawaida.

Umewahi kuniuliza kwa nini hatuendi Itumba na ni safari ya asubuhi tu. Nilikuwa nasingizia mizigo, barabara, foleni ya mpakani. Mwanzoni Anyesi alikuwa anapiga simu: "Dada, watu wa huku wana utani, eti wananiita Bibi!" Nikamwambia ni heshima hiyo. Baadaye akasema yule mchumba wake alikuja kumtembelea, akamwamkia, akanunua mkate, akaondoka. Nikasema wanaume ndivyo walivyo. Kila aliponiletea neno nilikuwa na jibu la haraka. Mdomo huu mnaousifu sokoni ndio uliomnyamazisha mdogo wangu. Miaka ikapita, akaacha kuniita dada.

Halafu akaja mwenyewe, wiki tatu zilizopita. Nilikuwa barabarani nikisubiri wateja katikati ya foleni ya malori, na kondakta wa gari la Ileje akasema kwa sauti, "Bibi, mzigo wako huu." Nikageuka. Nilidhani ni mama yangu. Nakuapia nilidhani ni mama, tuliyemzika Mbozi mimi na Anyesi tukiwa tumeshikana mikono. Kitambaa cheupe, nywele nyeupe zikichungulia, tabasamu la midomo iliyofungwa. Ana miaka thelathini na saba tu, Sekela.

Aliniita mwanangu. Wewe alikuita mjukuu, na ulicheka sana, ukasema mama mdogo ana vituko. Mimi nilikuwa naangalia anavyokuangalia ukila. Ulipotoka kuchota maji aliniambia, "Wamesema nikipata wa kuchukua nafasi wananirudishia." Ilikuwa sauti ya bibi. Nikaangalia chini. Halafu akanishika kidole hiki cha shahada, namna alivyokuwa ananishika akiwa mdogo tukivuka mto, na akasema kwa sauti yake, ile yenyewe ya Anyesi, "Dada, nimechoka."

Ilikuja mara hiyo moja tu. Uliporudi na ndoo alikuwa ameshakuwa yule mwingine, anakuambia habari za duka linavyolipa. Maneno ya kweli matupu.

Ningesema nini? Ningekukataza, ningelazimika kusema kwa nini. Ningemlaani, ningeanza na mimi. Nikasema ni jambo zuri, nikauza shamba, nikakununulia begi. Kwa wiki tatu nimekuwa nikikuangalia ukijipanga kwa furaha, na kila ukiimba jikoni natamani ardhi ipasuke.

Ukija kufanya biashara ya namna hii siku nyingine na watu wengine, maana wapo waungwana wengi wanaokodisha majina yao na hakuna anayedhurika, usione aibu kuuliza mapema kama nilivyoona mimi. Uliza ada inanunua nini. Uliza wao wakivunja inakuwaje, na wewe ukighairi inakuwaje, na waandike. Tafuta walioacha, usisikilize walioingia jana. Na wakikuambia itarudi, uliza itatoka mfukoni mwa nani. Hilo la mwisho hata wakili hakunifundisha.

Sasa ya kesho. Nimefungua begi lako, unisamehe. Fomu nimeitoa. Pale palipokuwa pamebaki wazi kwa jina lako nimeandika la kwangu, na ninayo hapa. Pesa sikuigusa. Lakini si ada tena, na si mtaji wako, na najua hapo ndipo utakapokasirika. Ni ya Anyesi. Alilipa ili mimi niwe huru, na wa kumrudishia ni mimi, si kampuni, na hasa si wewe. Hutabaki na kitu cha kuanzia maisha zaidi ya hizi nguo, na mama yako ndiye aliyekufanya hivyo.

Utauliza kwa nini nisiende mwenyewe kesho. Akiniona mimi, ataniambia niingie ndani tuongee, na mimi nitaingia. Wewe atatoka nje kukupokea. Simama barabarani. Usivuke mlango hata kama mvua inanyesha, na simu ikilia mle ndani iache ilie. Usimwamkie kama bibi. Mwite Anyesi. Hataitika mara ya kwanza, wala ya pili, na watu watakushangaa kwamba huna adabu. Endelea kumwita. Akiitika, mpe bahasha mkononi, mshike, pandeni gari lilelile likigeuza. Ufunguo wa nyumba yetu nimeweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Chumba changu kitakuwa chake.

Unaweza pia kuisoma barua hii, ukaichana, ukashuka Isongole na pesa ukaenda unakotaka. Una miaka kumi na tisa. Sitakutafuta kukulaumu.

Jumatatu nitafika Itumba. Nitalishusha bango, nitafunga mlango, na nitangoja kuona kama duka lile linafungika. Kama halifungiki nitakaa mimi, ilikuwa nafasi yangu tangu mwanzo. Yule mwanamke atapiga simu. Ataniuliza kwa upole, kama alivyoniuliza mara ile habari ya mdogo wangu, kama nina binti.

Nitamwambia sina. Usije ukasikia ukadhani nimekukana.

Mama yako,
Esta